Svalbard kwa boti ya mpira: dada yangu ana magoti mabovu, na alishuka

Naanza na swali lililotukosesha usingizi miezi mitano kabla ya safari. Je, mtu wa miaka 63, ambaye magoti yake huvimba akipanda ghorofa moja tu, anaweza kutoka melini akaingia kwenye boti ya mpira kwenye bahari ya barafu, kisha akatoka kwenye boti hiyo, akakanyaga maji na kutembea hadi ufukweni? Anaweza. Dada yangu mkubwa alishuka mara tano na mara tano akarudi mzima. Nilipotafuta maelezo kwa Kiswahili sikupata hata mstari mmoja, na ya lugha nyingine yalijaa picha za dubu bila kusema goti liwekwe wapi. Ndiyo maana naandika.

Sisi ni watu wa Pangani. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea Trondheim, Norwei, huu mwaka wa kumi na moja. Dada alikuja kutoka Tanga. Tulisafiri Julai 2025, siku saba, kwa meli ndogo ya abiria kama mia moja hivi, kutoka Longyearbyen, mji mkubwa wa Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo kaskazini kabisa mwa dunia, hadi pembe ya kaskazini magharibi ya kisiwa cha Spitsbergen na kurudi. Kila mmoja alilipa zaidi ya euro elfu nne kwa chumba cha watu wawili, na fedha hizo nilizikusanya kwa zamu za usiku. Kampuni siitaji, kwa sababu nina malalamiko nayo na tumeshaandikiana. Ninachopima hapa ni zile safari za boti kutoka melini hadi nchi kavu, maana hizo ndizo unazolipia. Meli ni kitanda, chakula na dirisha.

Neno la kwanza kwa anayetaka kwenda: uliza idadi ya abiria kabla hujalipa hata senti. Tangu 1 Januari 2025 meli yenye abiria zaidi ya 200 hairuhusiwi kuingia kwenye hifadhi za Svalbard, na ndani ya hifadhi hizo watu wanashuka katika sehemu 43 tu zilizotajwa kisheria. Mfanyakazi mwenzangu aliwahi kwenda kwa meli kubwa ya ghorofa nyingi. Akarudi ameuona ukingo wa barafu kwa mbali na kununua soksi Longyearbyen. Alifurahi, sikatai. Ila alichokiona yeye na tulichokiona sisi ni vitu viwili.

Kabla ya kushuka mara ya kwanza tuliitwa ukumbini na nguo zetu zote za nje. Nilidhani ni hotuba, kumbe ni ukaguzi wa mbegu, zisije za kigeni zikaota kule. Kila mfuko, kila mshono, kila pindo la suruali linapitishwa kifyonza vumbi, na mwongozaji anapekua kwa kibano. Kwenye mshono wa begi la dada zikatoka kishona nguo tatu, zile mbegu nyeusi zenye miiba miwili kichwani ambazo kwetu ukikatiza shamba moja unarudi nazo kwenye kanga. Yule binti aliyezitoa alizilaza kiganjani akazitazama kwa muda, akauliza zimetoka wapi. Dada akamwambia, "Kwetu, mwanangu. Nyuma ya nyumba." Nikatafsiri. Mbegu zikatiwa kwenye kikopo chenye kifuniko. Gambuti nazo zinasuguliwa kwa brashi na kuchovywa kwenye dawa kila unapotoka na kila unaporudi. Kwangu hiyo ilikuwa dalili nzuri: watu wanaohangaika na mbegu tatu hawatahangaika na mguu wa mtu?

Sasa boti yenyewe. Ni zile nyeusi za mpira, Zodiac, urefu kama mita sita, mashine moja nyuma. Hazina kiti. Unakaa juu ya ubavu wake uliojaa upepo, mgongo umeupa bahari, uso umewaelekea wenzako wa ubavu wa pili, na mkono umekamata kamba iliyo nyuma yako. Watu kumi, nahodha amesimama tezi, yaani nyuma. Jaketi la kujiokolea ni jembamba, linavaliwa kama mkanda wa begani, na linajijaza lenyewe likizama majini.

Kutoka melini unateremka ngazi ya ubavuni hadi kwenye jukwaa dogo, na hapo ndipo moyo unapodunda, maana boti inapanda na kushuka na wewe umesimama kwenye kitu kisichopanda wala kushuka. Baharia mmoja yuko jukwaani, mwingine ndani ya boti. Wote wawili wanakukamata kwa mkono wa kibaharia. Si kiganja kwa kiganja: kila mmoja anamshika mwenzake juu ya kifundo cha mkono, ili kiganja kikiteleza, kifundo kinakutana na kifundo na mkono haukuponyoki. Mikono yako yote miwili lazima iwe mitupu. Ukiwa na simu mkononi, baharia hakugusi. Anakungoja uiweke mfukoni. Halafu kuna neno moja tu la kusubiri, na hilo wanalisema boti ikiwa juu kabisa ya wimbi: sasa. Unakanyaga ubavu wa boti, unakanyaga kisanduku kilichowekwa chini, unakaa. Hatua tatu.

Dada alipofika kwenye jukwaa alisimama. Aliyekuwa ndani ya boti ni kijana wa Kifilipino, mfupi, mabega mapana. Hakumvuta wala hakumwita. Aliacha wimbi la kwanza lipite, la pili lipite, huku ameshikilia mkono wake vilevile na kumtazama usoni. La tatu lilipoinua boti akaitikia kwa kichwa, na dada akaenda. Goti baya alilitanguliza la kushoto, kisha akagundua kumbe bora litangulie zima, na tangu siku ile ndivyo alivyofanya. Andika hilo kama una goti: kuingia botini tanguliza zima, kutoka majini kupanda ufukwe tanguliza zima tena, bovu lifuate.

Nimekulia kwenye maji. Pangani, ukitaka kwenda kisiwa cha Maziwe, unapandisha kanga hadi magotini na kuifuata boti ndani ya maji, na anayekuvuta ndani ni yeyote aliye karibu. Nilipanda mashua kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo nahodha mzembe namtambua kwa dakika moja: anaipa wimbi ubavu, anaongea akiwa amegeuka nyuma, anazima mashine mapema au anachelewa kuizima. Nahodha wetu alikuwa binti wa Kinorwei, umri wake nadhani haujafika 30, na siku sita sikumwona akikosea hata moja kati ya hayo. Akikaribia ufukwe anaingiza omo, yaani pua ya boti, moja kwa moja, taratibu, mashine anaiinua dakika ile ile, na waongozaji wawili waliovaa suti za mpira hadi kifuani wanaidaka omo wakisimama ndani ya maji ya kiunoni. Wewe unajisogeza kwa makalio juu ya ubavu hadi mbele, unageuka, unapitisha miguu yote miwili upande wa nje, unangoja wimbi lirudi, unasimama kwenye maji ya nusu gambuti. Kurudi ni vivyo hivyo kwa kinyume: unakaa kwanza, miguu inafuata. Hakuna mahali popote unaporuka. Mzee yeyote anayeweza kukaa ukingoni mwa kitanda na kujigeuza anaweza.

Siku ya pili tulikwenda Krossfjorden, mbele ya barafuto inayoitwa Fjortende Julibreen, Barafuto ya 14 Julai. Asubuhi tulishuka ufukweni, mchana boti zikazunguka tu mbele ya ukuta wa barafu bila kushuka. Barafuto ni mto wa barafu unaotambaa kutoka milimani hadi baharini, na mwisho wake ni ukuta uliochanika, rangi ya buluu ambayo sijawahi kuiona kwenye kitu kisichopakwa rangi. Nahodha alituambia barafu iliyokandamizwa miaka mingi hunyonya wekundu wa mwanga ikaacha buluu. Alituweka mbali sana na ukuta ule, na kuna bwana mmoja botini alimwomba asogee. Akakataa, akatabasamu, akakataa tena.

Halafu akazima mashine.

Mwanzo nilisikia maji tu yakigonga mpira. Kisha ikaja sauti nyingine, kutoka kila upande, ndogondogo, haikomi. Mapande ya barafu yaliyoelea kutuzunguka yalikuwa yanatatarika. Dada alinama hadi uso wake ukawa shibiri mbili kutoka kwenye kipande kimoja, kikubwa kama beseni la kufulia, kisafi kama glasi, na ndani yake vipovu vimejipanga kama shanga. Akanigusa goti. "Mdogo wangu, sikiliza. Ni kitunguu kinaingia kwenye mafuta." Ndivyo kilivyolia hasa. Ile ni hewa iliyofungiwa wakati theluji ilipokuwa inageuka barafu, karne na karne zilizopita. Barafu inapoyeyuka kila kipovu kinapasuka kivyake. Tulikaa kimya kama dakika kumi tukisikiliza hewa ya zamani ikitoka. Hiyo peke yake, kwangu, ilirudisha nusu ya nauli.

Nusu nyingine ilikuja muda si mrefu. Tuliona kipande cha ukuta kikishuka bila sauti, maji yakaruka, na ndipo mlio ukatufikia, kama radi iliyo ndani ya ardhi. Nahodha alishawasha mashine kabla mlio haujafika. Akageuza omo kwenye wimbi, akaliacha lipite chini yetu. Likatunyanyua na kutushusha, refu na laini. Yule bwana hakuomba tena kusogea.

Gravneset, ndani ya Magdalenefjorden, ni rasi ya mchanga yenye makaburi ya wavuvi wa nyangumi wa karne ya 17 na 18, zaidi ya mia moja. Yamezungushiwa mnyororo na haruhusiwi mtu kuuvuka. Ni vilima vidogo vya mawe, basi. Dada alisimama pale akawasomea dua watu asiowajua dini wala majina, maana walikufa mbali na mama zao. Hapo hapo buabua wakatuvamia. Ni ndege mdogo, mweupe, kofia nyeusi, mdomo mwekundu kama pilipili, na hataki mtu karibu na mayai yake. Anashuka wima na kukugonga utosini. Mwongozaji akatufundisha kuinua fimbo juu ya kichwa, kwani ndege hugonga kilicho juu kabisa. Buabua huyu wa Aktiki kila mwaka huenda hadi Antaktika, kusini kabisa mwa dunia, na kurudi. Mwenye safari ya namna hiyo ana haki ya kukasirika akikanyagiwa kiota.

Smeerenburg nitaieleza kwa ufupi ingawa wengi waliisifu zaidi. Ni mahali ambapo Waholanzi wa karne ya 17 walichemshia shahamu ya nyangumi. Hata jina maana yake ni mji wa shahamu. Masufuria hayapo, yamebaki majiko: duara za kitu cheusi kigumu ambacho ni mafuta yaliyomwagika, yakachanganyika na mchanga na changarawe, yakawa kama zege. Dada alisema ni tanuu la chokaa la kwetu, na kweli umbo ni lilelile. Kilichonishangaza zaidi ni magogo. Svalbard haina mti hata mmoja, mmea mrefu unakufika kwenye kifundo cha mguu, lakini ufukwe umejaa magogo makubwa yaliyosuguliwa yakawa meupe. Yameletwa na mito ya Siberia na mkondo wa bahari. Usiokote chochote, si gogo, si mfupa, si msumari: mabaki yote yaliyoachwa na binadamu kabla ya 1946 yanalindwa kisheria. Kwa mbali, kwenye ncha ya ufukwe, walarasi, wanyama wakubwa wa baharini wenye meno marefu, walikuwa wamelala wamebanana kama magunia ya mkaa, na harufu yao inakufikia kabla hujawaona.

Kijitabu cha safari kilisema tutatoka hadi mara nane. Tulitoka sita. Mara moja upepo uliinuka. Mara nyingine waongozaji walitangulia kukagua ufukwe na bunduki zao mgongoni, kama wanavyofanya kila mahali kabla ya mtu wa kwanza kushuka, na wakarudi mbio: dubu mweupe amelala nyuma ya kilima. Safari ikafutwa papo hapo, tayari tumevaa, tayari tuko kwenye foleni. Baadhi ya abiria walinung'unika. Mimi nawaunga mkono waongozaji kwa moyo wote. Dubu analindwa Svalbard tangu 1973, na sheria sasa inataka ukae mita 300 kutoka kwake, mita 500 kuanzia 1 Machi hadi 30 Juni. Baadaye tulimwona kutoka sitahani kwa darubini, doa la rangi ya siagi linalotembea kwenye mawe ya kijivu. Yeye hakutuona. Ndivyo inavyotakiwa.

Malalamiko yangu sasa. Abiria wanagawanywa makundi kwa mwendo: warefu wa safari, wa kati, na wa polepole. Dada na mimi tuliingia kundi la polepole. Siku ya kwanza kundi letu lilishushwa la mwisho na likaitwa la kwanza kurudi. Wenzetu walikaa ufukweni zaidi ya saa mbili. Sisi dakika 25. Mtu anayetembea polepole ndiye anayehitaji muda mrefu, si mfupi. Dada hakusema kitu, alikaa kitandani akivua soksi, lakini namjua. Jioni nilimfuata kiongozi wa msafara nikamweleza hivyo hivyo, bila kupandisha sauti: tumelipa sawa. Kesho yake tulishushwa wa kwanza, na ikawa hivyo hadi mwisho. Walirekebisha, nashukuru, lakini kwa nini ihitaji mtu kulalamika? Kwenye boti yetu kulikuwa na bibi wa Kijerumani mwenye fimbo ambaye asingesema kamwe.

La pili ni gambuti. Waliandika wazi kwamba gambuti za saizi zote zipo melini na tusijisumbue kubeba. Dada anavaa 37. Tulipofika, ndogo kuliko zote zilizobaki ilikuwa 40. Alivaa soksi tatu za sufu, na bado Gravneset gambuti moja ilibaki kwenye tope la theluji iliyoyeyuka huku mwenyewe akiendelea mbele. Kwa mtu mwenye magoti, kiatu kinachocheza ni hatari kuliko wimbi. Barua yao ya majibu iliomba radhi na kunipa punguzo la safari ijayo, ambayo sijui itakuwa lini.

Mambo ya mwili, ambayo hayaandikwi na ni muhimu. Joto lilikuwa kati ya nyuzi 3 na 7, ila upepo wa boti ndio baridi yenyewe. Vaa sufu mwilini, pamba iache kabatini, maana ikilowa haikauki. Dada alijifunga ushungi mwepesi wa sufu na kofia juu yake, na masikio hayakumuuma hata siku moja. Ufukweni hakuna choo na hairuhusiwi kujisaidia, kwa hiyo nenda kabla hujavaa zile tabaka tano. Chakula, tuliomba samaki kila siku tangu wakati wa kulipa na walitimiza. Swala: jua la Julai halizami, linazunguka angani kama mbuzi aliyefungwa kamba. Dada alishamuuliza sheikh wake Tanga, akafuata saa za Makka.

Na viza, maana hili ndilo litakalomkwamisha Mtanzania au Mkenya kuliko barafu. Svalbard, kwa sababu ya mkataba wake wa 1920, haidai viza kwa mtu yeyote. Lakini haimo ndani ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na njia ya kuifikia inapita Norwei bara. Ukipanda ndege ya Longyearbyen umetoka Schengen. Ukirudi unaingia upya. Viza ya kuingia mara moja itakuacha mlangoni. Omba ya kuingia mara mbili, na uandike kwenye barua ya maombi kwamba unakwenda Svalbard na kurudi.

Kwa mabaharia na nahodha wa boti natoa nyota tano, na ningekuwa na sita ningetoa. Kwa waongozaji wa nchi kavu, tano pungufu ya siku ile ya kwanza. Kwa ofisi iliyotuuzia, tatu. Na kama unavaa 37, beba gambuti zako kutoka nyumbani, zisafishe vizuri, na kagua mishono ya begi.